Siri Zimo Mikononi Mwake

Anaingia nawe kwa daktari, kwa mchungaji, mahakamani, hata kwenye kicheni pati. Anayajua mambo yako yote. Je, anaruhusiwa kumwambia nani? Mhariri wetu aliuliza swali hilo, akaumbuka.

Nianze na bajeti, maana ndiyo iliyonifedhehesha.

Kamati ya harusi ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ilianza vikao Agosti 2022 kwenye baa moja pale Sinza, kila Jumapili saa kumi na moja jioni. Mimi nikatwishwa uhazini. Kamati zetu za Dar mnazijua wenyewe: ahadi kibao, fedha kiduchu, na hakuna kikao kinachopita bila mjumbe mmoja kuleta hoja ya kuongeza kreti za bia. Ukumbi shilingi milioni 5. Mapambo milioni 3.5. MC milioni 1.2, na hiyo ni bei ya kindugu. Keki, picha, video, gari la maharusi, matarumbeta. Mstari wa 23 niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Mkalimani: ndugu atasaidia." Kwenye safu ya fedha nikachora kistari.

Bi harusi ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimpokonya usikivu akiwa na miaka mitatu. Kasoma Shule ya Viziwi Buguruni, ni mbunifu wa mavazi, ana duka lake na mafundi wawili, na nusu ya magauni ninayovaa ofisini ni kazi yake. Bwana harusi anasikia. Ni mtu wa benki, na alama kajifunzia kwenye benchi la dukani kwa mchumba wake, jioni baada ya kazi, mpaka akaweza kugombana naye bila kalamu na karatasi. Hapo ndipo tulipojua jamaa hana utani.

Na huyo "ndugu atasaidia" alikuwa dada yake mkubwa, ambaye anajua alama tangu utotoni. Sasa msomaji niambie, wewe ungeona kosa? Mimi sikuliona. Kumbe bi harusi aliiona ile bajeti kwenye grupu la WhatsApp, akanitumia ujumbe wa maneno machache: "Dada, sitaki ndugu. Nataka mkalimani."

Nikamjibu kihazini: tubane matumizi, mdogo wangu. Siku ya pili yake akaja ofisini kwangu, akanisogeza kwenye kiti, akaivuta kompyuta yangu na kuandika ukurasa mzima. Ninausimulia hapa kwa ruhusa yake.

"Amesema utapona"

Mwaka 2020 alikuwa na maumivu ya tumbo yasiyoisha. Akaenda hospitali na dada yake huyo. Daktari aliongea, kwa kukadiria kwake, dakika kumi nzima. Alimwona akichora kitu kwenye karatasi, akionesha vidole viwili, akitikisa kichwa. Dada mtu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia na kumpa alama tatu tu: amesema utapona.

Ulikuwa uvimbe kwenye kizazi. Bi harusi aliujua ukweli huo miezi mitatu baadaye, kutoka kwa shangazi yetu wa Morogoro aliyemtumia ujumbe wa pole na kifurushi cha dawa za majani. "Watu kumi na wanne walikuwa wanajua habari za kizazi changu," aliandika kwenye ile kompyuta. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijaambiwa."

Nataka ieleweke kwamba dada yake si mtu mbaya. Alimwonea huruma mdogo wake, akaona ampunguzie hofu. Halafu mzigo ukamwelemea, akamwambia mama, na mama akamwambia nani sijui. Ndugu yeyote angeweza kufanya vile vile, mimi wa kwanza. Ukimpenda mgonjwa huwezi kumwambia yote, na ukiwapenda wanaomuuguza huwezi kuwanyima habari. Huko Marekani nako, kwa miaka mingi, kazi hii ilikuwa ya ndugu, majirani na wachungaji wenye moyo mwema, mpaka wakalimani walipounda chama chao, RID, mwaka 1964 na kuanza kuandikiana maadili. Chama cha dunia, WASLI, kilianzishwa Montreal, Kanada, mwaka 2003 tu. Kwa hiyo hata wenzetu hawakuzaliwa wakiyajua haya.

Kijana wa elfu thelathini

Mjumbe mmoja wa kamati akaja na suluhisho. Kuna kijana pale kwao Tabata "anajua-jua alama", ukimpa elfu thelathini anakuja. Bi harusi akaomba amwone kwanza. Walikaa dukani dakika tano. Akamuuliza kwa alama anatokea wapi. Kijana akatabasamu na kukubali kwa kichwa. Akamuuliza kama ameoa, akatabasamu, akakubali. Akamuuliza kama yeye ni mbuzi. Akakubali.

Tulicheka mpaka basi. Lakini kichekesho hicho kilishawahi kuiaibisha dunia nzima. Tarehe 10 Desemba 2013, kwenye hafla ya kumuenzi Nelson Mandela katika uwanja wa FNB, Johannesburg, bwana mmoja aitwaye Thamsanqa Jantjie alisimama hatua chache kutoka kwa Rais Barack Obama, akapunga mikono mbele ya kamera za dunia. Viziwi wa Afrika Kusini walianza kulalamika hafla ikiwa bado inaendelea: huyu hasemi kitu! Marais wote wale na walinzi wao, hakuna aliyejua. Watu pekee walioweza kumkagua walikuwa viziwi, na hakuna aliyewauliza. Karibu miaka 10 baadaye, Julai 2023, nchi hiyo hiyo iliifanya Lugha ya Alama ya Afrika Kusini kuwa lugha rasmi ya 12.

Sisi tunadhani alama ni Kiswahili kilichohamia vidoleni. Sivyo. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, ambayo sehemu kubwa iko usoni: nyusi, macho, mdomo, mabega. Mkalimani mwenye uso wa mbao ni sawa na msomaji wa taarifa ya habari anayemeza nusu ya maneno. Wakenya wana alama zao, Waganda zao, na hata hapa nyumbani kiziwi aliyesoma Tabora na aliyesoma Buguruni wana maneno yanayopishana. Kwenye karatasi tuko vizuri. Tanzania iliridhia mwaka 2009 ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao unawataja waziwazi wakalimani wa kitaalamu wa lugha ya alama, na mwaka 2010 tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwenda mbali zaidi: lugha rasmi za Bunge lao ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Alama ya Kenya.

Ila kamati ya harusi ya Sinza haisomi mikataba. Bi harusi akamtafuta mkalimani mwenyewe, kupitia viziwi wenzake.

Alikuja kwenye kikao dada wa miaka thelathini na kitu, mtaratibu, amevaa blauzi nyeusi isiyo na hata ua moja. Wazazi wake wote wawili ni viziwi. Akatutajia masharti. Laki moja na nusu kwa siku. Kazi ikizidi saa moja lazima wawe wakalimani wawili, maana hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Malipo ya awali mwezi mmoja kabla ya harusi, ili mwenzake asichukue kazi nyingine. Apewe hotuba na majina mapema, aoneshwe atakaposimama, na mwanga wa pale usizimwe.

Mimi nikamwuliza mbele ya wajumbe: "Kwani dada unakuja kuchezesha mikono au kujenga ghorofa?" Kikao kizima kikacheka. Yeye akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Shangazi, nimekusikia

Kicheni pati tulifanyia Mwananyamala, mwisho wa Oktoba. Somo tulimpata wa Kitanga, bibi mmoja bingwa wa mafumbo. Siku mbili kabla, mkalimani alimfuata nyumbani kumuuliza atafunda nini na kwa maneno gani. Bibi akamfukuza: mwanangu, ya unyagoni hayaulizwi mlangoni!

Basi siku ikafika, bibi akapanda na mada ya kisima, ndoo na kamba. Ukumbi wa wanawake watupu unajua moto wake. Bi harusi alicheka sekunde mbili baada ya ukumbi, na akacheka kuliko ukumbi. Bibi akasita, akamgeukia mkalimani.

"We mwana, umemwambia nini?"

"Ulichosema, bibi."

"Mbona mimi hayo sijayataja?"

Palikuwa hapatoshi. Watu walilala chini kwa kicheko. Ila fikiria kidogo: angefanya alama ya kisima na alama ya ndoo, bi harusi angedhani anafundishwa kuchota maji. Fumbo la Kiswahili linakaa kwenye maneno ya Kiswahili. Mkalimani alikuwa na sekunde mbili za kulivunja, kutoa kiini, na kukivika alama ambazo kiziwi wa rika lake angezicheka. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa anaitaka siku mbili za kujiandaa.

Halafu likatokea lile la shangazi. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, karibu kabisa na aliposimama mkalimani, na akamnong'oneza jirani yake kwa sauti ambayo mashangazi wanadhani ni ya chini: "Mtoto mzuri hivi, laiti angekuwa mzima. Na huyo mwanaume naye kafuata nini, kama si duka?"

Mikono ya mkalimani haikusita. Nilimwona bi harusi akitazama alama zile, kisha akiinua macho polepole kumpita mkalimani, mpaka yakamfikia shangazi. Mikono yake ikasogea kidogo tu. Sauti ya mkalimani ikasikika ukumbi mzima:

"Shangazi, nimekusikia."

Jamani! Hata vigoma vilinyamaza.

Kesho yake simu zikapigwa. Yule dada mchonganishi! Nani kamtuma kutafsiri mambo ya pembeni? Afukuzwe. Nikampigia, nikiwa na hasira za ukoo mzima. Akanisikiliza, akasema: "Dada, wewe ungekuwa umekaa kwenye kile kiti ungesikia au usingesikia? Kwa nini yeye asisikie? Mimi sichagui ya kumpa na ya kumnyima. Nikianza kuchagua, nimeshakuwa ndugu."

Mpaka leo sehemu fulani ya moyo wangu inaona angeweza kumwachia bi harusi siku yake. Nilimwambia hivyo hivyo mdogo wangu. Akanijibu kwamba amehudhuria sherehe za ukoo huu kwa miaka 27, anakaa, anatabasamu, watu wanamtazama wakisemezana. "Nilikuwa nadhani wanasifia gauni," akaandika.

Usiku nilipopiga simu

Kanisa liliwataka maharusi wapate ushauri nasaha na kupima kabla ya kutangazwa. Wakaenda, na mkalimani wao. Nilikuja kuelezwa na bi harusi jinsi ilivyokuwa. Nesi alimkabili mkalimani: "Mwambie akae hapa. Muulize mara ya mwisho kupima lini." Mkalimani akamwomba nesi kwa upole azungumze na mhusika mwenyewe, amtazame yeye. Na bi harusi alipojibu kwa mikono, mkalimani alisema "mimi", si "anasema kwamba yeye". Ndivyo kazi inavyofanywa. Akisema "naogopa", anayeogopa ni bi harusi.

Sijui majibu yalikuwa nini. Ninachojua ni kwamba baada ya siku ile maharusi walinyamaza. Bwana harusi akatoka kwenye grupu la kamati bila kuaga. Bi harusi akafunga duka siku mbili. Ukoo ukaanza kuunganisha nukta. Mama mdogo akampigia mkalimani, akaambiwa amuulize mwanawe. Shangazi (ndiyo, yule yule) akampigia, akaambiwa hivyo hivyo. Ikaja zamu yangu, Alhamisi saa nne usiku. Nikajiambia mimi ni tofauti: ni mtu wa habari, ninajua kutunza siri, na ninataka kusaidia.

"Dada, niambie tu kama kuna tatizo. Hata usiseme ni la nani."

"Ya hospitali niliyaacha hospitali."

"Mimi ndiye ninayekulipa, unakumbuka?"

"Nakumbuka, dada. Unanilipa kazi. Siri si yako, na wala si yangu."

Na ukweli ni kwamba alikuwa na sheria upande wake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inasema majibu ya kipimo ni siri. Simu ya hazina wa kamati haimo kabisa. Daktari akinijibu vile ningemwita mwenye maadili. Mkalimani nilimwita mwenye maringo.

Sasa hapa kuna jambo ambalo kamati haikuwahi kulijua, inalisoma leo pamoja na wewe. Malipo ya awali ya wakalimani wawili, laki tatu, yalitakiwa kutoka Ijumaa ile. Fedha ilikuwepo kwenye akaunti. Niliikalia. Aliponikumbusha kwa ujumbe, nikamjibu tunasubiri michango. Alinikumbusha mara tatu, kwa adabu ile ile, na mara zote tatu nilimwandikia uongo ule ule. Nilikuwa namkomoa.

Umetoka wapi, mpenzi?

Tulikuja kupatana baadaye sana, na siku moja juu ya chai na vitumbua akanieleza maisha yenyewe. Nitasema yale aliyonipa ruhusa.

Alianza kazi akiwa na miaka saba, dukani, akimwombea baba yake sukari kwa mkopo. Akiwa na tisa alimtafsiria mama yake kwa mkunga. "Yalikuwa maneno ambayo mtoto hatakiwi kuyajua," alisema, "na mimi ndiye niliyeyatamka." Ndiyo maana leo kiziwi akija hospitali na mwanawe mdogo kama mkalimani, yeye humwomba daktari mtoto akae nje, hata kama mwenyewe hakuitwa kazini siku hiyo.

Wiki yake haina umbo. Jumatatu semina hotelini, kwa posho nzuri na muziki wa waandaaji wanaodhani mkalimani ni pambo la jukwaa. Jumatano mahakamani, asubuhi nzima kwenye benchi, kesi inaahirishwa, nauli ni yake. Alhamisi wodi ya wazazi saa nane usiku. Jumapili kanisani, bure, kwa sababu ni kanisa lake. Mwezi mwingine kazi kumi, mwezi mwingine mbili. Mabega na viganja vinauma, ila hayo anasema ni ya kawaida.

Lisilo la kawaida ni lile neno "mimi". Aliwahi kutoa sauti ya msichana aliyebakwa, mahakamani, siku mbili. Siku mbili alisema "mimi" na "mwili wangu" na "nilipiga kelele". Akarudi nyumbani na sauti ile ikiwa bado kooni, na hakuna mtu wa kumhadithia. Msichana yule ana haki ya siri. Mkalimani anabaki nayo.

Na hapa, nyie wapenzi mnaosoma kurasa hizi kitandani, ndipo penye kasheshe. Aliwahi kuwa na mchumba. Anarudi saa tano usiku, macho mekundu, mchumba anauliza: ulikuwa wapi? Kazini. Kazi gani? Siwezi kusema. Na nani? Siwezi kusema. Simu inaita usiku, sauti ya mwanaume, daktari, anavaa viatu anatoka. Wewe ungevumilia? Yule kaka alivumilia mwaka mmoja na nusu, kisha akamfuata kimyakimya siku moja mpaka nje ya zahanati, akasimama getini aone anatoka na nani. Alitoka na mke na mume viziwi. Siri yao ikawa imeshaonwa na mtu wa nne. Alivunja uchumba wiki ile ile.

Nilimuuliza kama hakuwa na njia ya katikati. Alisema anayo: siku hizi kwenye mahusiano anatangaza mapema kwamba atasema "leo kazi ilikuwa nzito" na hatasema zaidi, na anayempenda ajifunze kumkandia maji ya moto bila kuuliza. Viziwi wa Dar wanajuana. Ukitaja tu "mama mmoja wa Kigogo mwenye mapacha", umeshataja jina. Anaweza kumtafsiria mume kwa wakili wa talaka Ijumaa, na Jumapili akasimama mbele ya mke kanisani kutafsiri mahubiri ya ndoa. Akikutana nao sokoni, husubiri wao wamsalimie kwanza. Wasipomsalimia, hawajuani.

Dakika kumi na moja

Harusi ilifungwa Jumamosi ya Desemba. Maharusi walikuwa wamerudi kwenye tabasamu lao, kwa sababu wanazozijua wenyewe. Mkalimani alikuja peke yake. Mwenzake, baada ya kungoja malipo ya awali hadi wiki ya mwisho, alikuwa amechukua semina ya siku tatu Dodoma. Nani angemlaumu?

Alianza kanisani saa nane mchana. Ukumbini MC wetu wa milioni 1.2 alikuwa anamimina maneno kama mvua ya masika, utani juu ya utani, bila kuvuta pumzi. Wapambaji wakazima taa kubwa na kuwasha za zambarau ili keki ipendeze, na mkalimani akapotea gizani. Bwana harusi mwenyewe akainuka kwenda kugombana na mtu wa taa. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne na nusu yule dada hakuketi. Mwenye akili aliweza kuona mikono inazidi kuwa mizito. Wakalimani husema akili ikichoka, makosa huanza kabla mwenyewe hajayagundua.

Saa nne na nusu MC akamwita baba wa bi harusi. Baba yule ni mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache, na alama hakuwahi kujifunza. Kati yake na bintiye, kwa miaka 27, kulikuwa na njoo, kula, pole, na kumshika kichwa. Tulitegemea aseme asanteni karibuni chakula. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akamgeukia mwanawe, akaanza.

Alizungumza dakika kumi na moja. Kwenye dakika ya pili mkalimani alisimama. Alimwangalia bi harusi, akamfanyia alama chache, akashusha mikono. Nilikuja kuuliza alisema nini pale. Alisema: nimechoka, ninapoteza maneno, sitakupa baba yako nusunusu.

Angeweza kudanganya. Baba analia, ukumbi unalia, nani angejua? Angetupia alama tatu: amesema anakupenda. Wote tungepiga makofi, na bi harusi angefurahi. Badala yake mdogo wangu alikaa dakika tisa akitazama mdomo wa baba yake unavyosogea, na mimi nilikuwa meza ya kamati, laki tatu zikiwa kwenye pochi yangu ndani ya bahasha, nikisikia kila neno. Sitayaandika hapa maneno yale. Yalikuwa ya kwake.

Video ilikuwa tayari mwishoni mwa Januari 2023. Nikampigia mkalimani. Nilimwambia kuhusu ile fedha, kwamba ilikuwepo siku zote. Alikaa kimya kidogo, akasema alijua. Nikamwomba saa yake moja. Akanitajia elfu themanini, ilipwe kabla, na mimi nikazitoa mfukoni mwangu dakika ile ile nikiwa bado kwenye simu.

Tukakutana dukani kwa bi harusi jioni, mafundi wameshaondoka, kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa. Baba alikuja na koti lake la harusini. Mkalimani alisimama kando ya skrini, akaomba taa isogezwe. Dakika kumi na moja, mtu mmoja aweza. Baba mzima aliinamisha uso alipojisikia mwenyewe akiongea. Bi harusi hakupepesa macho.

Video ilipoisha, baba akamgeukia mkalimani: "Mwambie kwamba..."

"Baba, mwambie mwenyewe. Anakutazama wewe."

Akageuka, akakohoa, akaanza upya. Bi harusi akamnyanyulia mkono asubiri, akanigeukia mimi, mikono ikasogea.

"Dada," sauti ya mkalimani ikasema, "tupishe kidogo."

Nikatoka nje, nikaurudisha mlango. Kupitia kioo niliona mikono inakwenda, mdomo wa baba unakwenda, na yule dada katikati yao. Nikageukia barabarani, nikanunua hindi la kuchoma.